Rooivalk: Kisa cha Helikopta Kumi na Mbili

Tarehe 4 Novemba 2013, helikopta mbili za mashambulizi za Jeshi la Anga la Afrika Kusini zilielekea vilima vya Chanzu, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, karibu na mipaka ya Rwanda na Uganda, ambako wapiganaji wa kundi la waasi la M23 walikuwa wamebakiwa na ngome zao za mwisho. Zilifyatua roketi za milimita 70 juu ya mahandaki yaliyochimbwa mlimani, kisha zikarejea salama. Kesho yake M23 ilitangaza kwamba imeacha vita. Helikopta hizo ni za aina ya Rooivalk, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa Rooivalk kutumia silaha zake vitani, ingawa chombo cha kwanza cha jina hilo kilikuwa kimeruka miaka 23 kabla ya siku ile.

Kisa hiki kina pande mbili ambazo si rahisi kuzipatanisha. Kwa upande mmoja, hapa ipo helikopta ya mashambulizi iliyobuniwa na kuundwa barani Afrika, ambayo ilipopewa kazi iliifanya. Kwa upande mwingine lipo jeshi ambalo Januari 2025 lilipoteza wanajeshi 14 katika mapigano ya Sake na Goma dhidi ya M23 iliyofufuka, bila Rooivalk hata moja kuwalinda kutoka angani. Wengi wanaoeleza historia ya chombo hiki huishia kulaumu siasa za dunia, au husema kwamba hakikuwa kizuri kiasi cha kushindana na vile vya Marekani na Ulaya. Mimi naona maelezo hayo yanaligusa jambo kwa pembeni tu. Kiini cha kisa ni idadi: ziliundwa kumi na mbili za kutumika, na karibu kila kilichofuata kilitokana na hiyo kumi na mbili.

Inafaa kuanzia kwenye sababu ya kuzaliwa kwake. Novemba 1977 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio namba 418, lililozikataza nchi zote kuiuzia Afrika Kusini silaha. Serikali ya ubaguzi wa rangi wakati huo ilikuwa ikipigana kaskazini mwa Namibia, nchi iliyoikalia kwa nguvu, na kusini mwa Angola. Jambo hilo halipaswi kupitwa kimyakimya, kwa kuwa mashine hii ilibuniwa kwa ajili ya vita vya utawala ule. Helikopta zilizotumika kushambulia zilikuwa Alouette III, vyombo vidogo vya Kifaransa vilivyofungwa mzinga wa milimita 20 mlangoni. Mzinga huo ulipiga kwa ubavuni, hivyo rubani alilazimika kuizunguka shabaha kwa duara huku mpigaji akilenga kutoka kando. Njia hiyo ilifaa dhidi ya watu wenye bunduki za mkononi. Lakini kufikia katikati ya miaka ya 1980 Angola ilikuwa imepokea kutoka Umoja wa Kisovieti vifaru, makombora ya kutungulia ndege na helikopta nzito za mashambulizi, na kuzunguka polepole juu ya silaha za namna hiyo kulikuwa ni kutafuta kifo.

Kampuni ya serikali iliyoitwa Atlas, yenye karakana zake Kempton Park karibu na Johannesburg, ilianza kazi mwaka 1984. Namna ilivyoanza inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu inaonyesha wahandisi waliojua wasichokijua. Hawakuchora mara moja helikopta kamili. Walichukua Alouette III, wakaiacha na injini yake na mfumo wake wa mapanga yanayozunguka juu, wakalibadilisha umbo la mbele ili watu wawili wakae mmoja nyuma ya mwenzake, kisha wakafunga mzinga wa milimita 20 chini ya pua. Chombo hicho, XH-1 Alpha, kiliruka tarehe 3 Februari 1985. Hakikukusudiwa kwenda vitani kamwe. Kilikusudiwa kujibu maswali machache: je, mzinga wa puani unaweza kufuata kichwa cha mpigaji kupitia kofia yenye mtambo wa kulengea? Je, chombo kitatulia unapopiga ukiwa umeelekezwa upande? Baada ya kupata majibu, Atlas ilichukua helikopta za uchukuzi aina ya Puma, ikaziongezea mabawa mafupi ya kubebea silaha na kuzitumia kujaribia mitambo. Hizo ziliitwa XTP-1 Beta.

Kutoka hapo ulifanyika uamuzi mmoja ambao ndio ulioipa Rooivalk sura yake. Kuunda injini na giaboksi ya helikopta tangu mwanzo ni kazi iliyowashinda hata wenye fedha nyingi, na nchi iliyofungiwa haikuwa na muda wala uwezo huo. Atlas ilijenga juu ya kile ambacho tayari ilikifahamu, yaani mfumo wa mapanga na giaboksi wa jamii ya Puma na Super Puma, pamoja na injini mbili za Makila zilizobuniwa na kampuni ya Turbomeca ya Ufaransa. Mfumo huo ndio unaoibeba pia Oryx, helikopta ya uchukuzi ya jeshi hilohilo. Faida yake ilikuwa kubwa, kwani mafundi waliomudu Oryx waliweza kuimudu Rooivalk, na vipuri vingi vikawa vya pamoja. Gharama yake ilikuwa ukubwa. Mapanga yana kipenyo cha mita 15.58, na uzito wa juu wa kurukia ni kilo 8,750, wakati A129 ya Italia, ambayo ingekuja kuwa mshindani wake, ilikuwa na kilo 4,600 hivi. Rooivalk ikawa helikopta yenye nguvu za chombo cha uchukuzi ndani ya mwili mwembamba wa kushambulia.

Jambo jingine liliwekwa katika mahitaji tangu mwanzo, nalo ndilo ninaloliheshimu kuliko yote. Rooivalk ilitakiwa kukaa porini kwa muda mrefu mbali na kambi, ikihudumiwa na mafundi wanne tu na helikopta moja ya uchukuzi iliyobeba vipuri vya msingi. Katika mavumbi na joto la kusini mwa Angola, helikopta inayodai karakana kubwa haina kazi. Mahitaji hayo yaliandikwa na watu waliowahi kuona mashine ikikwama mbali na nyumbani.

Chombo cha kwanza chenye umbo la Rooivalk, kilichoitwa XDM, kiliruka tarehe 11 Februari 1990. Siku hiyohiyo Nelson Mandela alitoka gerezani. Makubaliano ya amani kuhusu Angola na Namibia yalikuwa yametiwa saini New York Desemba 1988, na Namibia ilikuwa imebakiza wiki chache kupata uhuru wake Machi 1990. Maana yake ni kwamba helikopta iliyobuniwa kwa vita mahususi iliinuka ardhini vita hivyo vikiwa vimekwisha, na nchi iliyoiagiza ikiwa mwanzoni mwa kugeuka kuwa nchi nyingine. Bajeti ya ulinzi ilikatwa. Hakuna mtu mwenye akili anayeweza kulalamikia hilo, kwa kuwa fedha hizo zilihitajika kwenye nyumba, maji na shule za watu walionyimwa kwa miongo mingi. Lakini kwa mradi wa helikopta ilikuwa na maana kwamba mteja wa kwanza, ambaye kwa kawaida ndiye hubeba gharama za ubunifu, alikuwa amepunguza mkono wake.

Kazi iliendelea kwa mwendo wa kujikokota. Chombo cha pili, ADM, kilikuwa cha kuunganisha silaha na mitambo ya rubani. Cha tatu, EDM, kiliruka Novemba 1996 kikiwa kimechorwa upya ili kiwe chepesi na kiweze kuundwa kiwandani. Kati ya hapo Atlas ilikuwa imeingizwa ndani ya Denel, kampuni ya serikali iliyoundwa mwaka 1992, na mwaka 1996 jeshi la anga likaagiza Rooivalk kumi na mbili kwa ajili ya Kikosi cha 16, kilichowekwa Bloemspruit karibu na Bloemfontein. Helikopta za kwanza ziliingia kazini mwaka 1999. Jina lenyewe ni la Kiafrikana: rooi ni nyekundu, valk ni kozi, na ndege anayekusudiwa ni yule kozi mdogo mwekundu anayeweza kutulia hewani mahali pamoja akitafuta windo chini.

Sasa tuitazame hiyo kumi na mbili. Msomaji anaweza kudhani kwamba helikopta kumi na mbili zina gharama ya robo ya helikopta 48, lakini sivyo hesabu ilivyo. Programu za kompyuta za kulengea huandikwa mara moja, ziwe zitatumika katika vyombo kumi na mbili au elfu moja. Majaribio ya kila silaha, vitabu vya ufundi, mtambo wa kufunzia marubani, uthibitisho wa muda ambao giaboksi inaweza kutumika kabla ya kufumuliwa: yote haya ni gharama zisizopungua kwa sababu umenunua vyombo vichache. Zikigawanywa kwa kumi na mbili, kila chombo kinabeba mzigo wa kutisha. Kisha katika kikosi cha vyombo kumi na mbili, baadhi daima vitakuwa karakanani kwa matengenezo makubwa, baadhi vitakuwa vikifunzia marubani wapya, na mara nyingi kimoja kitakuwa kimetolewa vipuri ili kingine kiruke. Vinavyobaki tayari kwa vita huhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Mwaka 2005 chombo kimoja kiliharibika katika ajali kiasi cha kutofaa tena, na kikosi kikabaki na kumi na moja.

Denel ililielewa tatizo hilo na ikatafuta wateja wa nje kwa bidii. Rooivalk iliingizwa katika shindano la Uingereza, ambalo mshindi wake mwaka 1995 alikuwa Apache ya Marekani. Malaysia ilionyesha nia, kisha msukosuko wa fedha wa Asia wa mwaka 1997 ukaifuta nia hiyo. Nafasi ya mwisho iliyokuwa ya kweli ilikuwa Uturuki, ambako mwaka 2006 washindani walichujwa hadi wakabaki wawili: A129 ya Italia na Rooivalk. Waturuki walidai haki ya kuiunda helikopta hiyo kwao na kuibadilisha watakavyo. Machi 2007 waliichagua A129, na kutoka humo wakaendeleza T129 ATAK, ambayo leo inarushwa na jeshi lao na kuuzwa nje. Mei mwaka huohuo Denel ikatangaza kwamba haitatia tena fedha zake katika Rooivalk.

Kwa nini wateja walisita? Mnunuzi wa helikopta ya mashambulizi hununua chombo atakachokaa nacho miaka 30 au 40, na swali lake la kwanza ni nani mwingine anakirusha, kwa sababu hao wengine ndio watakaogawana naye gharama za kukiboresha na ndio watakaokifanya kiwanda kiendelee kufungua milango. Denel ilikuwa na jibu moja tu: nchi yake yenyewe, yenye vyombo kumi na viwili. Isitoshe, injini zilikuwa za Kifaransa, na Ufaransa pamoja na Ujerumani walikuwa wakiuza helikopta yao, Tiger, katika soko hilohilo. Sidai kwamba kulikuwa na hila. Nasema tu kwamba muuzaji ambaye moyo wa bidhaa yake unatoka kwa mshindani hana nafasi nzuri ya kuahidi chochote kwa miaka 30.

Ili kuona tofauti ambayo idadi huleta, itazame Apache. Iliruka kwa mara ya kwanza Septemba 1975 na kuanza kukabidhiwa kwa jeshi la Marekani mwaka 1984 kama AH-64A, ikiwa na mzinga wa milimita 30 na uwezo wa kubeba makombora 16 ya Hellfire, lakini bila rada. Mwaka 1997 ikaja AH-64D, yenye rada ya Longbow iliyowekwa juu kabisa ya mhimili wa mapanga, ili chombo kijifiche nyuma ya mlima na kuchungulia kwa kichwa tu. Mwaka 2011 ilianza kukabidhiwa AH-64E, yenye injini zenye nguvu zaidi, mapanga mapya na uwezo wa kuziongoza ndege zisizo na rubani kutoka ndani yake. Uingereza nayo iliunda toleo lake lenye injini za Rolls-Royce na mapanga yanayokunjika kwa ajili ya melini. Zaidi ya Apache 2,400 zimeundwa, na nyingi za A zilivuliwa na kujengwa upya kuwa D, kisha E. Matoleo yale hayakuzaliwa na akili za wahandisi peke yake. Kila toleo lilikuwa na mamia ya vyombo vya kulilipia.

Rooivalk, katika maisha yake yote ya kazi, imepata toleo jipya moja la maana: Block 1F. Lilitokana na uamuzi wa serikali uliotangazwa bungeni mwishoni mwa mwaka 2007 na Waziri wa Ulinzi, Mosiuoa Lekota, wa kutoa randi milioni 962 ili helikopta zilizokwisha kununuliwa zifikishwe hatua ya kuweza kwenda vitani. Hapo ndipo ukweli unapojitokeza: vyombo vilivyoingia kazini mwaka 1999 vilikuwa bado havijakamilika. Sehemu za giaboksi zilihitaji kuimarishwa. Mzinga wa F2 wa milimita 20 ulikuwa na tatizo la kupoa, nao mzinga usiopoa vizuri humlazimisha mpigaji kufupisha mfululizo wa risasi pale anapouhitaji zaidi. Mtambo wa kulengea na kompyuta zake zilihitaji kufanywa za kisasa. Helikopta tano za kwanza za Block 1F zilikabidhiwa Aprili 2011, na nyingine zikafuata hadi zikatimia kumi na moja.

Kitu kimoja kilibaki nyuma. Afrika Kusini ilikuwa imebuni Mokopa, kombora la kuharibu vifaru linaloongozwa kwa leza, lenye uwezo wa kupiga shabaha iliyo umbali wa kilomita 10. Majaribio yake yalifanikiwa. Lakini Rooivalk zilizokwenda Kongo zilikwenda na mzinga na roketi zisizoongozwa.

Zilikwenda huko kwa sababu ya Azimio namba 2098 la Machi 2013, lililounda Brigedi ya Kujibu Mashambulizi, FIB, ndani ya MONUSCO, kikosi cha kulinda amani cha Umoja wa Mataifa nchini Kongo. M23 ilikuwa imeiteka Goma Novemba 2012 mbele ya macho ya walinda amani, na Baraza la Usalama safari hii likatoa ruhusa ya kuyashambulia makundi yenye silaha badala ya kuyasubiri. Brigedi iliundwa na wanajeshi wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, kamanda wake wa kwanza akiwa Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa Tanzania. Ni haki kusema kwamba sehemu kubwa ya kazi ya ardhini ilifanywa na jeshi la Kongo lenyewe na askari wa miguu na mizinga wa brigedi. Rooivalk tatu zilifika mwishoni, wakati M23 ilikuwa imesukumwa hadi vilimani.

Hata hivyo, vilima vile ndivyo vilivyoifaa. Goma iko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ngome za mwisho zilikuwa juu zaidi. Katika mwinuko huo hewa ni nyepesi, mapanga hupata kidogo cha kushika, injini nazo hupoteza sehemu ya nguvu zake, na helikopta ndogo hulazimika kuchagua kati ya mafuta na silaha. Ukubwa ule wa mapanga na nguvu zile za injini za Makila, ambavyo sokoni vilionekana kuwa uzito usio wa lazima, vilikuwa akiba mlimani. Jambo hili halishangazi ukikumbuka kwamba chombo kilibuniwa katika nyanda za juu za Afrika Kusini, ambako Johannesburg yenyewe iko mita 1,700 na zaidi.

Upungufu nao ulionekana. Roketi isiyoongozwa hufuata pua ya helikopta. Rubani lazima akielekeze chombo kizima kwenye shabaha, akisogelee hadi kilomita chache, afyatue, kisha ageuke akiwa ameonyesha ubavu wake kwa waliobaki hai chini. Dhidi ya M23 ya 2013, iliyokuwa imechoka na kukosa msaada, hilo liliwezekana. Dhidi ya adui mwenye makombora ya kutungulia ndege, kusogea karibu namna hiyo ndicho hasa kitu ambacho Mokopa ilibuniwa kukiepusha.

Ushindi wa Chanzu ungeweza kuwa tangazo la biashara ambalo Denel ililikosa kwa miaka 20, na kwa muda ilionekana hivyo. Mwaka 2016 Denel na Airbus Helicopters walitia saini makubaliano ya kuangalia namna ya kuifanya Rooivalk ya kisasa zaidi, na mazungumzo ya toleo jipya kabisa, Mk 2, yakaendelea. Lakini kiwanda cha kuunda Rooivalk kilikuwa kimefungwa tangu chombo cha kumi na mbili kilipotoka, na kukifungua upya kungehitaji oda ambayo haikuja. Kisha Denel yenyewe ikaanguka katika madeni. Mwaka 2020 ilishindwa kulipa mishahara kamili, na wahandisi na mafundi wakaondoka kwenda kutafuta riziki kwingine. Rooivalk zilizoweza kuruka zikapungua mwaka hadi mwaka. Desemba 2023 Afrika Kusini ilipopeleka wanajeshi mashariki mwa Kongo katika kikosi cha SADC, pamoja na Tanzania na Malawi, adui alikuwa amerudi akiwa na silaha nzito kuliko zile za 2013, lakini helikopta zilizomshinda mara ya kwanza hazikuwepo.

Yale mahitaji ya awali yalisema mafundi wanne na helikopta moja ya uchukuzi vingetosha kuiweka Rooivalk kazini porini, na kwa kazi ya kila siku yalikuwa sahihi: kukagua mapanga, kubadili chujio lililojaa vumbi, kujaza mafuta na silaha, kurudisha chombo angani. Hayakuihusu giaboksi iliyofikisha mwisho wa saa zake, wala kompyuta ya kulengea ambayo watengenezaji wa sehemu zake waliacha kuziunda. Hivyo hurudi Kempton Park, na huko lazima fundi anayevijua awe bado ameajiriwa.